Macho yake ni mazima, upande wa kushoto ndio uliopotea

"Daktari, habari za kazi. Naandika kutoka Ujiji kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 27, ni bodaboda. Miezi mitano iliyopita aligongwa na gari usiku maeneo ya Mwanga, hakuwa na helmeti. Alilazwa siku kumi na moja. Kipimo cha CT kilionyesha damu imevia kwenye ubongo, nyuma upande wa kulia, lakini hakupasuliwa. Anaongea vizuri, anatembea, shida ni kuona. Anagonga milango na watu, siku zote kwa bega la kushoto. Akishuka ngazi au akitazama chini anaona viwili viwili, na siku hizi anainamisha kichwa begani mpaka watu wanadhani anawadharau. Tulimpeleka kupima macho wakasema ni mazima kabisa, kasoma herufi mpaka za chini, wakatuuzia miwani ya shilingi 85,000 ambayo haijabadili kitu. Sasa kaka yetu mkubwa anasema anajifanya, maana juzi mtoto alirusha mpira kutokea kushoto na yeye akaukwepa. Halafu jioni anasema anaona watoto wawili wamesimama kushoto kwake, kimya, wamevaa nguo za rangi. Mama anataka apelekwe kwa mganga. Mwenyewe anataka kurudi barabarani, tajiri wa pikipiki anapiga simu kila wiki kuulizia hesabu. Je, kuona kutarudi? Kuna miwani au upasuaji wa kumsaidia? Na huyu anadanganya au hadanganyi?"

Pole sana dada, na mfikishie mgonjwa pole zangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linaloichoma nyumba yenu kuliko mengine. Hadanganyi. Nimeyasoma maelezo yako mara tatu nikitafuta dalili moja isiyokaa sawa na ajali aliyoipata, sikuiona. Bega la kushoto, kichwa kuinama, watoto wa jioni, hata ule mpira alioukwepa, kila kimoja kina mahali pake. Mtu wa kujifanya asingeweza kuvipanga hivi, labda awe amesomea ubongo. Sijamwona kwa macho yangu, kwa hiyo nitakupa na njia ya kuhakikisha mwenyewe hapo nyumbani kabla hamjapanda gari kwenda popote.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba jicho la kulia huona kulia na la kushoto huona kushoto. Ndiyo maana mtu akisema "sioni kushoto" tunakimbilia kumtazama jicho la kushoto, tunalikuta halina doa, basi tunamwona mwongo. Lakini fumba jicho moja sasa hivi hapo ulipo. Lile lililobaki wazi linaona pande zote mbili, sivyo? Kila jicho huchukua picha ya kushoto na ya kulia, na mgawanyo hufanyika baadaye, ndani ya kichwa.

Chukulia mitumbwi miwili imetia nanga Kibirizi alfajiri. Kila mmoja umebeba magunia ya dagaa ya kwenda Kasulu na magunia ya kwenda Uvinza, yamechanganyika. Pale ufukweni hakuna anayejali gunia limeshuka kutoka mtumbwi upi. Ya Kasulu yote yanapakiwa lori moja, ya Uvinza yote lori lingine. Sasa lori la Kasulu likipinduka njiani, Kasulu hawatapata dagaa hata kidogo, na mitumbwi yote miwili iko salama pale majini, haina tundu. Ndivyo ilivyo kwa mishipa ya fahamu ya macho. Hukutana nyuma ya macho, chini ya ubongo, ikagawana mzigo. Kila kilicho kushoto mwa pale unapotazama, kiwe kimeingia kwa jicho hili au lile, hupelekwa kwenye ubongo wa kulia, na safari inaishia nyuma kabisa, kisogoni. Cha kulia huenda ubongo wa kushoto. Mdogo wako damu ilivia nyuma kulia, kwa hiyo lori lake lililopinduka ni la kushoto. Wa kwanza kuichora vizuri ramani hii ya kisogoni alikuwa daktari wa macho wa Japani, Tatsuji Inouye, aliyewapima askari waliopigwa risasi za kichwa katika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905, akalinganisha tundu la risasi na sehemu ambayo askari haoni.

Na zile herufi alizosoma mpaka za chini? Herufi za ukutani hupima ukali wa katikati ya jicho tu. Mtu aliyepoteza nusu nzima ya dunia anaweza kuzisoma zote, mradi apewe muda wa kutafuta mwanzo wa mstari. Aliyekwambia macho ni mazima alisema kweli kuhusu macho. Alichoacha ni kupima upande.

Siwezi kumsema sana mwenzangu huyo, kwa sababu kosa hilo nimelifanya. Miaka ya mwanzo ya kazi nikiwa Tabora alinijia mzee mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, alikuwa amepata kiharusi akapona mkono na mguu, akalalamika miwani haimfai. Nikambadilishia. Akarudi, nikambadilishia tena. Mara ya tatu alikuja na binti yake, na binti akasema kwa sauti ya chini, "Baba akipanga tumbaku kwa gredi, fungu la kushoto tunalikuta vilevile, halijaguswa." Miezi minne nilikuwa nampima mzee wa watu macho yake mazima. Tangu siku hiyo nanyoosha kidole kabla sijashika lenzi.

Kidole chenyewe ni hivi, na wewe unaweza. Mchana, kwenye mwanga, kaeni mkitazamana, magoti yenu yakaribiane. Yeye azibe jicho lake la kulia kwa kiganja, wewe ufumbe lako la kushoto. Atazame jicho lako lililo wazi, asilihame. Nyoosha mkono pembeni kabisa, katikati ya umbali wenu, uchezeshe ncha ya kidole huku ukikileta ndani polepole, naye aseme "naona" mara kinapotokea. Anza upande wake wa kushoto, juu na chini, kisha wa kulia, juu na chini. Halafu badilisheni jicho. Nikiwa sawa, kidole kitokacho kushoto kwake hatakiona mpaka kikaribie usawa wa pua, na itakuwa hivyo hivyo kwa macho yote mawili. Akichungulia, usimgombeze, jicho lina wizi wake. Rudia tu. Yakitokea mengine, kwa mfano jicho moja linaona pande zote na lingine halioni kabisa, basi tatizo liko mbele zaidi, kwenye jicho lenyewe au mshipa wake, na maelezo yangu mengi hapa hayatamhusu.

Kuna jambo moja la kulitofautisha, kwa sababu linafanana na hili mpaka madaktari huchanganya. Wapo wagonjwa ambao ubongo wa kulia umeumia kwa namna inayowafanya wausahau upande wa kushoto. Wanaweza kuuona, ila akilini mwao haupo. Mtu huyo hunyoa ndevu nusu, huacha nusu ya ugali kwenye sahani na kudai hakushiba, huvaa mkono mmoja wa shati. Akigonga mlango hata hajui kwa nini. Aliyepoteza kuona hugonga, akakasirika, akaanza kutembea kwa uangalifu. Mchoree mstari mlalo katikati ya karatasi, mrefu kama kiganja, umwambie aweke alama katikati. Mwenye kusahau upande huiweka mbali kulia. Asiyeona huikaribia katikati, pengine akasogea kushoto kidogo. Inawezekana pia mtu akawa na yote mawili. Kusahau upande ni kugumu zaidi kukutibu, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu kutafuta kitu ambacho hajui kimepotea, na familia inahitaji uvumilivu mara mbili.

Turudi kwa kaka mkubwa na mpira wake. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, George Riddoch, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika kuhusu askari waliojeruhiwa kisogoni ambao upande wao uliokufa haukuona kitu kilichotulia, lakini kitu kikitembea kwa kasi walikihisi. Hawakuweza kusema ni nini wala kina rangi gani. Walijua tu kuna kitu kimepita. Sababu ni kwamba kutoka kwenye jicho kwenda kisogoni kuna barabara kuu, na kuna njia za panya. Watu wa Kigoma sihitaji kuwaeleza njia za panya. Barabara kuu ndiyo inayokupa picha unayoweza kuisimulia. Hizi ndogo zinaishia sehemu za chini za ubongo zinazoshughulika na kushtuka, kukwepa na kugeuza shingo haraka. Ajali imekata barabara kuu. Njia za panya bado zinapitisha magendo. Ukimuuliza mdogo wako kama aliuona mpira, nadhani atakwambia hakuuona, na hajui kwa nini aliinama. Mwambie kaka aache kumtegea. Kumrushia vitu mtu aliyepasuka damu kichwani miezi mitano iliyopita ni mchezo wa hatari, na hautathibitisha chochote.

Wale watoto wawili nao wana historia yao. Mwaka 1760 mwanazuoni wa Uswisi, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu aliyekuwa karibu kuwa kipofu, ambaye alikuwa akiona watu, ndege na majumba yasiyokuwepo. Yalimchekesha, maana alijua si ya kweli. Redio isiyopata stesheni haikai kimya, hukoroma. Sehemu ya ubongo iliyozoea kuletewa picha ikikatiwa mzigo nayo hujichorea yake, na huchora mahali pale pale palipo patupu, ndiyo maana watoto hawa husimama kushoto na hawajawahi kusimama kulia. Huja zaidi jioni, giza likiingia na mtu amekaa peke yake kimya. Hawasemi, hawamwagizi kitu. Mwulize kama anaamini wapo. Akikwambia "najua hawapo ila nawaona", basi si wazimu, na kwa maoni yangu si majini. Awashe taa, apepese macho, atazame haraka kushoto na kulia mara kadhaa, au anyooshe mkono kuwagusa, mara nyingi hutoweka. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, na kule kuambiwa tu kwamba jambo hili lina jina na limewapata wengine huwapa usingizi. Wagonjwa wengi hawasemi, wanaogopa kuitwa vichaa. Wako amesema, mshukuru kwa hilo.

Ila kuna aina ambayo siipuuzi. Ikiwa anachokiona ni mwanga au duara za rangi zinazotokea kwa sekunde chache, kila mara kwa sura ile ile, kisha macho au kichwa kinavutwa kushoto, au anaduwaa asiitike, hicho kinaweza kuwa kifafa kinachotokana na kovu la ubongo. Kinaweza kuanza miezi mingi baada ya ajali na kina dawa zake. Na akianza kusikia sauti zinazomwamrisha, hilo ni la kliniki ya afya ya akili.

Kuhusu mama, mimi nisingeanza na ubishi. Dua na hospitali hazijawahi kugombana, na mama aliyemuuguza mwanawe miezi mitano anastahili kusikilizwa. Msomee hapa nilipoandika juu ya mzee wa Uswisi. Sharti langu ni moja tu na silipunguzi: kisitiwe kitu chochote machoni. Si maji ya majani, si asali, si maziwa. Macho ya kijana huyu ni mazima, na jicho zima likitiwa dawa ya kienyeji huweza kupata kidonda kwenye kioo chake cha mbele, likaacha kovu jeupe. Hapo mtakuwa na upofu wa pili, na huo mmeutengeneza wenyewe.

Sasa kuona viwili viwili. Hili ni tatizo la pili, mbali na la kushoto, na nawaomba msiyachanganye kwa sababu tiba zake ni tofauti. Mwambie atazame chini kwenye kitu kimoja, tuseme kikombe sakafuni, kisha afunike jicho moja. Vikombe viwili vikiwa kimoja, maana yake macho hayaelekei mahali pamoja. Vikibaki viwili hata jicho moja likiwa limefunikwa, tatizo liko ndani ya jicho, na ndipo vipimo vya miwani vina maana. Natarajia vitakuwa kimoja. Kila jicho huvutwa na misuli sita, na misuli hiyo hutumwa na mishipa mitatu ya fahamu. Mmoja kati ya hiyo, ambao kwa hesabu ya madaktari ni wa nne, ni mwembamba sana, hutokea nyuma ya shina la ubongo na kuzunguka safari ndefu kuliko wenzake mpaka kulifikia jicho. Kichwa kikipigwa, huo ndio rahisi kuumia. Kazi yake kubwa ni kulisaidia jicho kutazama chini na kulizungusha kidogo kichwa kinapoinama. Ukidhoofika, picha moja hupanda juu ya nyingine, hasa kwenye ngazi, kwenye sahani na kwenye simu. Mgonjwa hugundua bila kufundishwa kwamba akilaza kichwa kwenye bega fulani, picha zinakutana. Hiyo ndiyo "dharau" yake. Msimwinue kichwa kwa nguvu. Tazama tu picha zake za zamani kwenye simu: kama tangu shuleni alikuwa ameinamisha kichwa vile vile, mwambie daktari, maana huenda udhaifu alizaliwa nao na ajali imeuchokoza.

Mshipa huu una matumaini mazuri kuliko ule upande uliopotea. Mara nyingi hujirudi wenyewe, wakati mwingine ndani ya miezi sita, wakati mwingine huchukua mwaka. Wakati mnasubiri, ile miwani ya 85,000 msiitupe. Kata kipande cha plasta nyeupe ya karatasi, ukibandike kwenye nusu ya chini ya kioo cha kushoto. Akitazama chini jicho hilo litakuwa limezibwa, viwili vitakuwa kimoja. Nasema kushoto kwa sababu kwa mtu aliyepoteza kushoto, jicho la kulia ndilo linalomwonyesha mbali zaidi upande wake mzima, na hatutaki kumwibia hata hicho. Kwa mtu mzima kuziba jicho hakulidhoofishi, tofauti na mtoto mdogo. Ila jicho moja hupima kina vibaya, kwa hiyo kwenye ngazi ashike ukuta. Mtaalamu akipima anaweza kumwekea prizimu, kipande cha plastiki kinachopinda mwanga na kuzikutanisha picha. Kinabandikwa na kubadilishwa kadiri mshipa unavyopona. Upasuaji wa misuli ya jicho upo, lakini hufanyika baada ya angalau miezi sita, vipimo vikiwa vimetulia havibadiliki tena. Akikupangia mtu upasuaji mapema zaidi ya hapo, omba maoni ya daktari wa pili. Na upasuaji huo hautamrudishia kushoto hata kidogo.

Je, kushoto kutarudi? Hapa naomba ukae chini. Kinachorudi chenyewe, kwa kiasi kikubwa hurudi miezi mitatu ya kwanza, uvimbe ukishuka na damu ikinyonywa. Baada ya hapo kasi hupungua, na ikipita miezi sita ni nadra kuona badiliko kubwa. Ninyi mko mwezi wa tano. Linganisha na alivyokuwa alipotoka wodini: kama wakati ule alikuwa haoni kushoto kabisa na sasa anaona robo ya chini, kwa mfano, kuna kilichorudi na pengine kitaongezeka kidogo. Kama hakuna tofauti, jipangeni kuishi na hali hii. Hakuna dawa ya kumeza, hakuna tone la macho wala vitamini vya kufufua sehemu ya ubongo iliyokufa. Mtandaoni utakuta programu za kompyuta zinazouzwa kwa ahadi ya kuupanua upande uliopotea. Ushahidi wake ni dhaifu na bei yake si dhaifu. Mimi singemshauri ndugu yangu auze kiwanja.

Chenye ushahidi mzuri kuliko vingine ni kazi ya kuchosha isiyouzwa dukani: kuyafundisha macho kwenda kushoto yenyewe. Upande haupanuki, ila mtu anajifunza kuutembelea. Macho ya mtu kama huyu hukaa upande yanapoona, ama yakienda kushoto huenda kwa vihatua vidogo vya woga. Tunataka mruko mmoja mkubwa, apite mpaka na zaidi, kisha arudi kulia polepole akikusanya anachokutana nacho. Chukua ungo, mwaga mchele, tawanya humo maharage ishirini, umwekee ungo mbele yake katikati. Aanze ukingo wa kushoto kabisa, kila mara, ayaokote yote. Siku za kwanza utaona anabakiza matano, na yote matano yako kushoto. Usimwonyeshe. Mwambie yamebaki matano. Pima muda kwa simu, andika kwenye daftari. Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, kwa wiki kadhaa. Akizoea ungo, mhamishie ukutani, bandika karatasi zenye namba azitafute kwa mpangilio, kichwa kikiwa kimetulia kwanza, kisha kwa kugeuza shingo. Halafu uani, akitembea kati ya ndoo na viti. Soko liwe la mwisho, na saa za asubuhi kabla halijafurika. Atachoka haraka mpaka kichwa kimuume, huo si uvivu. Ubongo uliojeruhiwa hula nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Mpumzishe.

Kusoma kutamsumbua kwa namna ya peke yake: hapati mwanzo wa mstari unaofuata. Mwekee rula au utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa, kanuni iwe kwamba hasomi mpaka ameuona utepe. Hivyo hivyo kwenye fremu ya kushoto ya mlango, zungushia kitambaa chekundu.

Nyumbani, jiko la mkaa lisikae kushoto kwake. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, ile ya nusu ndiyo inayopasua paji la uso. Mnapotembea barabarani kaa wewe kushoto, ashike kiwiko chako. Mtu akimjia kutokea kushoto amwite kwanza, asimshike bega ghafla.

Na bodaboda? Nimeliacha mpaka hapa kwa sababu najua litauma. Hapana. Macho mawili mazima huona kwa upana wa karibu nyuzi 180. Aliyepoteza nusu amebaki na kama 90. Uingereza, dereva wa gari binafsi tu anatakiwa awe na upana wa angalau 120. Na fikiria barabara zetu: tunaendesha kushoto, kwa hiyo watembea kwa miguu, baiskeli za mawese na watoto wanaotoka shule wako kushoto kwake, pale pale asipoona. Atawagonga huku akiapa barabara ilikuwa tupu, na atakuwa anasema kweli yake. Baiskeli nayo hapana kwa sasa. Mpigieni tajiri simu ninyi, msimwachie mgonjwa. Mwonyesheni barua ya hospitali, pikipiki irudi au iendeshwe na deiwaka. Sikuandikii hili kwa wepesi. Kijana wa miaka 27 akiambiwa hivi hupoteza kazi, jina na kijiwe siku moja, na baadhi yao huanguka kwenye sonona nzito kuliko upofu wenyewe. Akiacha kula, asilale, au akizungumzia kufa, hiyo nayo ni dharura. Wapo waliorudi kazini kwa njia nyingine: ufundi wa pikipiki akiwa ameketi na spana kulia kwake, duka la vipuri, uwakala wa miamala ya simu. Anazijua pikipiki, hilo halikupotea.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo hata iwe usiku: kichwa kinachouma zaidi kila siku, kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, udhaifu mpya wa mkono au mguu, au kuona kunakopungua ghafla. Damu inaweza kujikusanya polepole chini ya fuvu, wiki hata miezi baada ya pigo. Vilevile jicho likiwa jekundu, likatokeza nje, naye akasikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, huo unaweza kuwa mshipa wa damu uliotoboka nyuma ya jicho. Na maji maji yasiyo na rangi yanayochuruzika puani akiinama, hata kama mmeyadhania mafua.

Kama hakuna hayo, anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, kliniki ya macho, na ombeni aonane pia na watu wa utengamao, yaani wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, maana mazoezi ya ungo yanakwenda vizuri akiwepo mtu wa kuyasimamia. Vipimo vya kina vya upana wa kuona na prizimu vinaweza kuhitaji rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya KCMC, Moshi. Swali la ubongo wenyewe likitokea tena, ni la Bugando au Taasisi ya Mifupa na Ubongo Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Ombeni barua ya rufaa kabla ya kukata tiketi, hasa kama mnatumia bima. Ndani ya basi mkalishe dirishani upande wa kushoto, upande wake mtupu utazame kioo na watu wote wawe kulia kwake, safari itampunguzia mshtuko mwingi.

Beba filamu za CT zenyewe, usibebe karatasi ya majibu peke yake. Beba ile miwani pamoja na plasta yake, na lile daftari la maharage. Akiketi tu kwenye kiti, kabla daktari hajawasha taa ya herufi, mwambie: "Tunaomba apimwe pembeni, jicho moja moja, tukianzia kushoto."